Nyumba Iliyovishwa Wavu wa Chuma

Nilikuwa nikitafuta habari nyingine kabisa nilipokutana na picha ya nyumba ya ghorofa iliyotiwa ndani ya kizimba. Juu kizimba kina paa. Ubavuni kimezungushiwa wavu wa pete za chuma kisichoshika kutu, zaidi ya milioni 32, mfano wa deraya ya askari wa zamani. Mvua inakatwa makali, upepo unapita, na nyumba iliyo ndani inaanikwa. Imeanikwa hivyo tangu 2019.

Ni Hill House ya Helensburgh, magharibi mwa Uskoti, kazi ya Charles Rennie Mackintosh, yule aliyeichorea Glasgow Shule ya Sanaa iliyoungua 2014 na tena 2018. Wengi wanamjua kwa viti vyake vya migongo mirefu. Mimi nilikwama kwenye lipu.

Mwenye nyumba, mchapishaji wa vitabu Walter Blackie, aliacha kumbukumbu zake, na humo sauti ya Mackintosh inasikika vizuri. Blackie alitoa masharti: hataki matofali yenye mbao za urembo wala paa la vigae vyekundu, anataka kuta za lipu ya kijivu na paa la vigae vya mawe. Mackintosh akaafiki, lakini hakukimbilia kuchora kuta. Alikwenda kwanza kukaa na familia ile huko Dunblane, aone ni watu wa namna gani. Akaleta michoro ya vyumba. Walipokubaliana ya ndani, ndipo akachora ya nje. Mwaka 1904, siku ya kukabidhi, alimweleza Blackie kuwa hilo si jumba la Kiitalia, si kasri la Kiingereza, si nyumba ya milimani Uswisi wala ngome ya Kiskoti. Ni nyumba ya kukaa watu, basi. Nilimpenda hapo hapo.

Ila ukuta wake ulikuwa na lake. Waashi wa Uskoti walikuwa na mazoea ya chokaa. Mackintosh alitaka uso mmoja usiokatizwa na kitu, akatumia saruji. Kileleni mwa kuta na dohani hakuweka mawe ya kuchomoza yanayotupa maji mbali. Lipu ilipanda ikapinda juu kwa juu. Saruji ni ngumu, haina subira. Nyumba ikitikisika kidogo tu inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mwashi wa Mji Mkongwe, Unguja, hahitaji kuelezwa: ukuta wa mawe na chokaa ukiuziba kwa saruji, unaoza kimyakimya.

Mackintosh mwenyewe naye hakudumu. Karibu na 1913, mwaka alioacha kampuni yake, Blackie alimkuta amejiinamia mezani, analalamika kwamba kazi yake haionekani. Blackie akamliwaza kuwa amechelewa kuzaliwa kwa karne kadhaa; mahali pake palikuwa pamoja na kina Leonardo. Mwaka 1914 alihamia Walberswick, pwani ya Suffolk, na vita vilipozuka akashukiwa kuwa jasusi. Mwaka 1923 yeye na mkewe, msanii Margaret Macdonald, walikwenda kusini mwa Ufaransa, akawa anachora picha za rangi za maji. Alifariki London 1928 kwa saratani ya ulimi. Margaret alipomfuata 1933, vilivyobaki katika studio zao vilithaminiwa pauni 88 na ushei.

Sasa kazi iko kwa National Trust for Scotland, wanaoimiliki nyumba. Wakirudisha saruji ileile, maji yatarudi. Wakipaka chokaa na kupachika mawe ya kuchomoza juu ya dohani, itakauka, lakini ule mkunjo safi alioung'ang'ania Mackintosh hautakuwapo. Je, itakuwa bado yake? Na yule mwashi aliyeshika mwiko, aliyekulia kwenye chokaa, alisema kitu akaambiwa afuate mchoro, au aliona heri anyamaze apate ujira wake?