Vazi la Wamorisko: Jana Marufuku, Leo Lashonwa Upya

 

Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita nilipigiwa simu na binti wa marehemu rafiki yangu, ambaye ni fundi cherehani na anaishi na mumewe kusini mwa Uhispania. Baada ya "Shikamoo Ami" na kuulizana hali za watu wa nyumbani, alinieleza kwamba amepewa kazi ya kushona mavazi ya wanawake wa Kimorisko kwa ajili ya maigizo ya historia ya karne ya 16. Wenye maigizo wamempelekea picha ya kufuata: shela jembamba linaloonyesha mwili, sarafu za bati kiunoni, suruali ya kumetameta na tumbo wazi. Akauliza mambo mawili. Je, hivi ndivyo walivyovaa ndugu zetu wale? Na je, ni halali kwake kuifanya kazi hiyo?

La pili nilimjibu papo hapo: kushona vazi la stara ni chumo halali kama kushona kanzu, na vazi la uchi ni vazi la uchi hata likiitwa la kihistoria. La kwanza lilinirudisha kwenye vitabu nilivyoviacha tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na niliyoyakuta huko nimeona si haki kuyabakisha baina yangu na binti huyu.

Kwa asiyewajua, Wamorisko ni wale Waislamu wa Andalusi waliobatizwa kwa nguvu baada ya Granada kuanguka tarehe 2 Januari 1492, yaani mwaka 897 Hijria. Mkataba wa kuusalimisha mji uliwahakikishia wakaazi wake dini yao, sheria yao na mila zao. Haikupita miaka kumi ahadi ile ikavunjwa. Kuanzia mwaka 1499 ubatizo wa lazima ulienea, na mwaka 1502 Waislamu wa Castile yote walitakiwa ama wabatizwe ama wahame. Waliobaki wakawa Wakristo katika madaftari ya kanisa, na katika nyumba zao kila mmoja alikuwa na lake na Mola wake.

Leo hii, katika miji na vijiji vya Uhispania, watu huvaa mavazi ya zamani na kuigiza mapambano baina ya Wamoro na Wakristo. Sherehe za Alcoi, zinazofanyika mwezi Aprili, hukumbuka tukio la mwaka 1276, na humo mavazi mapya ya fahari hubuniwa pasina kudai kuwa yanafuata historia. Hiyo ni shangwe, na tuiache kama ilivyo. Lakini yako maigizo yanayohusu karne ya 16 yenyewe. Katika kijiji cha Válor, milimani Alpujarra, huigizwa habari za uasi wa Wamorisko ulioanza usiku wa tarehe 24 Desemba 1568, kwani ndiko alikotoka kiongozi wao wa kwanza, Aben Humeya. Na mjini Purchena, tangu miaka ya 1990, imehuishwa michezo ambayo mwandishi Ginés Pérez de Hita alieleza kwamba Aben Humeya aliiandaa hapo mwaka 1569 katikati ya vita. Anayeigiza siku iliyotajwa kwa mwaka wake hana udhuru wa kubuni.

Na ushahidi upo, tena ni mwingi kuliko nilivyodhani. Mwaka 1529 Mjerumani mmoja, Christoph Weiditz wa Augsburg, alisafiri Uhispania na kuchora watu aliowaona. Kitabu chake cha michoro kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Nuremberg. Humo yumo mwanamke wa Kimorisko akitoka nyumbani, yumo anayesokota uzi, yumo anayefagia, na wamo wanaocheza ngoma. Kabla ya hapo, baina ya 1520 na 1522, mchongaji Felipe Bigarny alichonga kwenye madhabahu ya Kanisa la Kifalme la Granada ubatizo wa Wamorisko wenyewe, na wanawake wameonyeshwa wamejitanda shuka zao mbele ya padri. Zipo pia orodha za mali zilizoandikwa na makarani wa Granada, zinazotaja nguo moja baada ya nyingine. Hakuna sarafu za bati kiunoni, wala tumbo wazi.

Lililopo ni hili. Alipotoka nje, mwanamke wa Granada alijifunika almalafa, neno litokanalo na Kiarabu milhafa. Ni shuka kubwa, aghalabu jeupe, lisilo na mshono wa kukata, lililoanza kichwani na kushuka mwilini, na mvaaji aliushika upindo wake kwa mkono akaufikisha usoni. Bibi zetu waliojitanda kanga mbili au buibui la zamani la kufunga kwa kamba wangeufahamu mkono ule bila kuelezwa. Ndani ya shuka hilo alivaa kamisi (Wahispania husema camisa), na juu yake marlota, joho lililo wazi mbele, lenye kubana mabegani na kupanuka kuelekea chini. Miguuni alivaa soksi nene ndefu zilizokunjwa marinda, ambazo Weiditz amezichora kwa uangalifu mkubwa, ama suruali pana ambayo Wahispania waliiita zaragüelles. Msomaji wangu asistaajabu akilisikia neno suruali humo: mzizi ni mmoja, kama ambavyo juba letu na aljuba yao ni ndugu wa baba na mama.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la mafundi peke yao. Vazi hilo liliwindwa kwa sheria. Amri za mwanzo wa karne ile ziliwakataza mafundi wasikate nguo za Kimorisko. Mwaka 1513 ilitoka amri ya ajabu zaidi: iliwakataza wanawake wa Kikristo wa asili, waliohamia Granada kutoka Castile, wasijitande almalafa. Maana yake ni kwamba walikuwa wakijitanda! Hawakuwa wamesilimu, walikuwa wamefika katika mji wenye desturi yake, wakaipenda. Mwaka 1526 Mfalme Charles wa Tano aliyarudia makatazo hayo, kisha yakasimamishwa kwa kulipwa fedha nyingi. Hatimaye, tarehe 1 Januari 1567, amri ya Mfalme Philip wa Pili ilitangazwa Granada: nguo mpya za namna hiyo zisishonwe tena, zilizopo za hariri zivaliwe mwaka mmoja tu, za sufu miaka miwili, na muda huo wote wanawake watembee nyuso wazi. Kwa amri hiyo hiyo lugha ya Kiarabu ilipewa miaka mitatu, na mabafu yakakatazwa.

Akasimama mzee mmoja, Francisco Núñez Muley, mtu wa ukoo wa heshima, ambaye utotoni alitumikia katika nyumba ya Hernando de Talavera, askofu mkuu wa kwanza wa Granada. Aliandika utetezi mrefu kwa mkuu wa mahakama ya Granada, Pedro de Deza. Hoja zake juu ya mavazi zingefaa kusomwa na kila fundi anayeshona kwa ajili ya maigizo. Alisema kwamba vazi la wanawake wa Granada ni vazi la jimbo, kama majimbo mengine ya Uhispania yalivyo na yake, wala si vazi la dini. Lau vazi lingekuwa la dini, Waturuki na watu wa Morocco wangevaa sawa, nao hawavai sawa. Na Wakristo wa Shamu na Misri huvaa vilemba na kusema Kiarabu, na hakuna anayewaambia si Wakristo. Kisha akaingia katika hesabu za nyumbani: mwanamke maskini huweza kujivika kwa dukati moja, kwa sababu nguo za harusi na furaha huwekwa kwa siku zake tu, na hurithiwa mara tatu hata nne. Mkiziharamisha, alisema, mtakuwa mmewapora mali yao, na wafumaji, wafanyabiashara na masonara watakosa riziki.

Nimekisoma kipande hicho cha urithi zaidi ya mara moja. Nguo moja, mama, binti, mjukuu, kitukuu; kisha karani anakuja na kusema mwisho wake ni mwakani.

Juu ya hoja ya kwanza, mimi kama mwanafunzi wa fiqhi sina la kumpinga mzee huyu. Imepokewa kwa Mughira bin Shu'ba, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alivaa juba la Kishamu lenye mikono ya kubana, hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Shamu wakati ule ilikuwa chini ya Warumi. Sharti la sheria ni stara na kuepuka yaliyokatazwa, na mkato wa nguo umeachiwa desturi za watu. Kwa hiyo anayemvalisha Mmorisko kilemba cha Kituruki na kanzu ya Kiarabu cha leo ili "aonekane Mwislamu" anarudia kosa lile lile la mahakama ya 1567.

Hapa ndipo wanaume wanapoharibiwa zaidi katika maigizo. Núñez Muley mwenyewe anasema wanaume wa Granada wa zama zake walikwisha kuvaa Kikastilia karibu wote: shati, koti fupi la kubana, kaptura pana, kofia. Kwa hivyo Wamorisko wengi walioingia katika uasi wa 1568 walitoka nyumbani wakiwa wamevaa kama jirani zao. Aben Humeya alipotawazwa alivishwa zambarau, na hiyo ilikuwa nguo ya ufalme wa siku moja. Wanawake ndio waliokuwa wamebeba vazi la nchi migongoni mwao, na ndiyo maana sheria iliwaelemea wao.

Na kuna kichekesho kichungu. Katika miaka hiyo hiyo wakuu wa Castile walikuwa na mchezo wa farasi wa kutupiana fito, na walipoucheza walivaa marlota za hariri mfano wa wapanda farasi wa Granada. Waliucheza hata mjini London mwaka 1554, Philip alipomuoa Malkia Mary. Fundi Juan de Alcega alipochapisha mwaka 1580 kitabu chake cha kukata nguo, miaka tisa baada ya uasi kuzimwa, mlikuwamo mkato wa marlota. Mwenyewe alikatazwa, muigizaji akaruhusiwa. Binti yule sasa anaufuata mkato huo wa Alcega, kwa kuwa vipimo vyake vimechorwa, na anaulinganisha na michoro ya Weiditz.

Kuhusu kitambaa tulizungumza kwa kirefu, ingawa hapo yeye ndiye mwalimu. Karne ya 16 ilikuwa na kitani, sufu, pamba na hariri. Milima ya Alpujarra ilijaa miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri, na vita vile vikaisambaratisha kazi hiyo. Poliesta ni ya karne ya 20, na zaidi ya kung'aa kwake kwa uongo, ina hatari: karibu na mienge huyeyuka na kugandia ngozini, ilhali sufu haishiki moto kwa wepesi. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856. Kabla yake bluu ilitoka kwenye nili na nyekundu kwenye mizizi ya rubia au vidudu vilivyokaushwa. Cherehani haikuwapo, basi mishono ya ndani anaruhusu mashine na ya nje anashona kwa mkono. (Nilimkumbusha kwamba hariri tupu kwa mwanamume Mwislamu haifai hata jukwaani. Akacheka, akasema wanaume wote katika kundi lile ni Wakatoliki.)

Wamorisko wenyewe, baada ya kushindwa, walitawanywa Castile, na baina ya 1609 na 1614 Uhispania ikawafukuza wote, takribani watu 300,000. Wengi waliishia Morocco, Algeria na Tunisia. Mjini Tunis walikuza ufundi wa kofia nyekundu ya sufu iitwayo shashia, na soko lake lipo hadi leo karibu na Msikiti wa Zaytuna. Almalafa ya Granada haikupata soko.

Juzi binti alinipigia tena. Wenye maigizo wamekubali shuka nne za kitani na marlota mbili baada ya kuonyeshwa michoro. Za wacheza ngoma wamekataa. Wanasema watazamaji wamezoea kumetameta, na watakodi kwingine. Malipo yamepungua kwa kiasi hicho, naye hakulalamika sana. Kitani kilichobaki kilitosha shuka la tano. Nikamuuliza atamuuzia nani. "Hilo siuzi, Ami," akasema, "nimelikunja sandukuni na za harusi yangu."