Ndege Ndogo za Jeti: Mashindano ya Mikono, Macho na Ukweli

Yako mashindano ambayo ushindi wake ni wa mwenye nguvu, na yako ambayo ushindi wake ni wa mwenye mbio. Walakini yako na mengine, yasiyotajwa sana katika nchi zetu, ambayo mshindi wake ni yule aliyesema kweli kwa mikono yake. Hayo ndiyo tutakayo kuwaeleza wasomaji wetu mwezi huu, wazee na vijana pamoja: mashindano ya kimataifa ya kurusha ndege ndogo za jeti, zilizoundwa kwa mfano wa ndege kubwa.

Huenda mzazi mmoja akauliza: "Nyumba yenye watu wazima ina haja gani na habari za ndege za kuchezea?" Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Twamwomba kwanza atusikilize, kisha ahukumu mwenyewe.

MASHINDANO YENYEWE

Michezo ya anga duniani inasimamiwa na shirikisho la kimataifa lijulikanalo kwa herufi FAI, lililoundwa mwaka 1905. Ndani ya kanuni zake limo kundi liitwalo F4C, la ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio. Zaidi ya hayo, wenye kupenda ndege za jeti peke yake wana mashindano yao ya dunia, ambayo yalianza Ujerumani mwaka 1995, yakafuatwa na mengine katika nchi mbalimbali. Mwaka 2013 yalifanyika Meiringen katika Uswisi, penye kiwanja cha ndege za kijeshi, ndani ya bonde lililozungukwa na milima mirefu. Mwaka 2015 yakarudi Ujerumani, katika mji wa Leutkirch.

Mtu aingiapo katika kiwanja cha mashindano ya namna hii, kitu cha kwanza kumpokea ni harufu ya mafuta ya taa, ile ile aijuayo kila aliyelelewa katika nyumba ya kandili. Kisha husikia mlio mwembamba unaopanda polepole mpaka ukawa mvumo. Akigeuka huona ndege ya kivita, yenye magurudumu, taa, kioo cha rubani na alama zake zote. Ila urefu wake haupiti ule wa kitanda, au pengine umezidi kidogo. Nyuma yake amesimama mtu mmoja, redio ya kuongozea imening'inia kifuani, na kando yake msaidizi.

HUKUMU YA KWANZA: USHAHIDI

Lakini kabla ya ndege kuruka, huhukumiwa ingali imetulia chini. Sisi twaona kuwa hapa ndipo penye roho ya jambo hili lote.

Waamuzi hukaa hatua chache mbali na ndege, wala hawaigusi. Mshindani huwakabidhi ushahidi wake: picha za ndege halisi, michoro yake inayoonyesha pande zake, na vielelezo vya rangi zake. Basi hao waamuzi hutazama picha, kisha hutazama ndege. Hutazama tena picha, kisha tena ndege. Je, mkunjo wa bawa ni ule ule? Je, mkia umeinama kwa kiasi kile kile? Herufi zilizoandikwa ubavuni zina upana ule ule? Mistari ya mabati na vichwa vya misumari yake, viko mahali pake?

Fahamu, ewe msomaji, kwamba mshindani hakutakiwa kuunda ndege nzuri. Ametakiwa kuunda ndege iliyo kweli. Ikiwa katika picha rangi imechubuka karibu na mlango wa rubani, naye akaipaka rangi mpya ing'aayo, amepungukiwa. Ikiwa moshi umetia weusi ubavuni, naye akauacha ubavu mweupe kama karatasi, amepungukiwa. Anayeipamba ndege yake kupita kweli yake hupoteza, sawa na yule aliyeiharibu. Ni mambo mangapi katika dunia ambayo mtu hupata sifa kwa kuyapamba? Hapa pambo lisilo na ushahidi ni kosa.

Na liko sharti jingine. Katika kundi la F4C mshindani anatakiwa atoe tamko ya kwamba ndege hiyo ameiunda yeye mwenyewe. Viko vitu vichache ambavyo aruhusiwa kuvinunua, kama vile injini, redio na magurudumu, lakini kazi ya kuunda ni yake. Akigundulikana kuwa amesema uwongo, hutolewa katika mashindano. Sasa fikiri: mtu huyo alifanya kazi yake usiku, peke yake, katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, mwaka baada ya mwaka, wala hapana mwamuzi aliyekuwako kumtazama. Kinachobaki ni neno lake. Hiyo ndiyo amana, nasi hatukujua jina jingine la kuiita.

HUKUMU YA PILI: ANGANI

Baada ya hapo ndege huruka, na rubani hutakiwa kuonyesha mambo aliyoyachagua na kuyaandika mapema: kupaa, kuzunguka, kuandika namba nane angani, kupita chini juu ya kiwanja, kisha kutua. Kila tendo hutangazwa mwanzo wake na mwisho wake, ili waamuzi wajue lipi walihukumulo. Hapana nafasi ya kufanya kosa kisha kusema, "Nilikusudia hivyo."

Wengi wa watazamaji wageni hudhani kuwa mwenye ndege ya mbio ndiye atakayeshinda. Ni kweli kwamba ndege hizi zaweza mbio za ajabu; mwaka 2017, katika Ujerumani, ndege moja ya mfano iliyoundwa kwa ajili ya mbio tu ilipimwa ikapata mwendo wa kilomita 749 kwa saa. Lakini katika mashindano ya mifano mbio za namna hiyo ni hasara. Tutaeleza sababu kwa hesabu nyepesi.

Chukua ndege ya Hawker Hunter ya Waingereza, ambayo mabawa yake toka ncha mpaka ncha yalipata mita 10 na kidogo. Mtu akiiunda kwa sehemu moja ya tano, mabawa yatakuwa mita 2 na kidogo. Akiirusha kwa kilomita 300 kwa saa, jicho la mtazamaji, likilinganisha mwendo na ukubwa wa ndege, litaiona kama kwamba yaenda kilomita 1,500 kwa saa. Na Hunter ya kweli haikuwa na mwendo huo: mwaka 1953, ilipoweka rekodi ya dunia ikiwa imeandaliwa maalumu, ilifikia kilomita 1,171 tu. Basi huyo aliyerusha kwa kilomita 300 amesema uwongo angani, ingawa chini alisema kweli.

Kwa nini basi asiende polepole? Hapa pana mtihani. Ndege ikipungua mwendo kupita kiasi, mabawa hayawezi tena kuibeba, nayo huanguka kama jiwe. Na ikiwa nzito, huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili ibaki angani. Kwa hiyo muundaji hupigana na uzito toka siku ya kwanza. Kila gramu aiongezayo kwa ajili ya urembo, ataidaiwa siku ya kutua. Mwenye busara hupima gundi, hupima rangi, hupima hata misumari. Rubani naye hutafuta njia iliyo katikati, wala hapati kuijua ila kwa mazoezi mengi.

INJINI ILIYOANZA NA UBAO

Injini ya jeti ilizaliwa katika akili za watu wawili wasiojuana. Frank Whittle, Mwingereza, aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1930, na injini yake ikawaka mwaka 1937. Hans von Ohain, Mjerumani, ndiye ambaye injini yake iliirusha ndege ya kwanza ya jeti, tarehe 27 Agosti 1939.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kuifahamu. Gurudumu la mbele huvuta hewa na kuishindilia ndani. Hewa hiyo huingia katika chumba cha moto, ambamo mafuta huwaka mfululizo. Gesi ya moto hutoka kwa nguvu, ikapita katika gurudumu la pili la chuma na kulizungusha. Nalo, kwa kuwa limefungwa katika mhimili mmoja na lile la kwanza, hulizungusha la kwanza livute hewa zaidi. Gesi inayobaki hutoka nyuma, na ndege husukumwa mbele.

Kuifanya injini hiyo iwe ndogo ya kushikika mkononi ndiko kulikowashinda watu kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi ndege ndogo za jeti zilikuwa jeti kwa sura tu. Ndani yake mlikuwa na feni. Kisha akatokea Mjerumani, Kurt Schreckling, akaonyesha kwamba mtu aweza kuitengeneza injini ya jeti katika karakana ya nyumbani. Gurudumu lake la kushindilia hewa alilifanya kwa ubao wa plaiwudi uliotiwa nguvu kwa nyuzi za kaboni. Ubao! Katika chombo ambacho watu walidhani hakifanyiki ila kwa madini ya thamani na mashine za viwanda vikubwa. Alitia maarifa yake katika kitabu, na wengine wakajifunza kwacho. Leo injini hizi huuzwa tayari, zaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na huongozwa na kompyuta ndogo inayochunga joto na mzunguko wake.

Na kabla ya hao wote, taarikhi ya Andalusi inamtaja Abbas bin Firnas wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 887. Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, asimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa, akaruka, kisha akaumia katika kutua kwa kuwa hakujifanyia mkia. Kila kijana aundaye ndege leo hukutana na somo lile lile: kupaa ni nusu ya elimu, na kutua ni nusu yake ya pili.

HATARI NA GHARAMA

Haitakuwa haki tukiyasifu mambo haya tukaficha madhara yake. Ndege yenye uzito wa kilo 15, imejaa mafuta, ikija kwa mwendo wa gari mara mbili au tatu, si mchezo. Ikimpata mtu, humwua. Kwa hiyo watazamaji huwekwa nyuma ya mpaka, marubani hukatazwa kupita juu ya vichwa vya watu, vizima-moto huwekwa karibu, na redio hutengenezwa ili mawasiliano yakikatika, injini ijipunguze au ijizime yenyewe. Na mara nyingine, pamoja na hadhari yote hiyo, kazi ya miaka huanguka na kuwa vipande kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mwenye nayo huokota vipande vyake mbele ya watu wote. Hapo ndipo subira hujulikana kuwa ni tabia au ni neno tu.

Tena ziko gharama. Injini peke yake huuzwa kwa maelfu ya yuro. Hatumshauri baba yeyote mwenye ada za shule za kulipa aitie fedha ya nyumba katika chombo kama hicho. Huo ungekuwa ni israfu, na mtoto angejifunza kutaka makubwa kabla ya kujua madogo. Wala kwetu chombo cha kurushwa kwa redio hakirushwi ovyo: yapasa kwanza kuuliza sharia za mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi.

TUNALOWEZA KULICHUKUA

Sasa twarudi kwa mzazi aliyeuliza. Hatukusema kwamba nyumba yake yahitaji jeti. Twasema kwamba yahitaji kile kinachowafikisha watu katika mashindano yale, nacho hakina bei kubwa.

Mpe mwanao karatasi nene, kisu kidogo, gundi na kijiti chepesi. Mwambie aunde ndege isiyo na injini, ya kurushwa kwa mkono. Itaanguka. Usimcheke, wala usimtengenezee. Mwambie aibebe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, atazame inalalia upande gani. Ikiwa mkia ndio mzito, atie kipande cha udongo puani, kidogo kidogo, mpaka itulie. Siku itakapotoka mkononi mwake ikavuka ua na kutua taratibu, atakuwa amejifunza mizani ya uzito, ambayo hata muundaji wa jeti huanza nayo. Aliyewahi kurusha tiara ufukoni amekwisha pata nusu ya somo hilo.

Kisha mpe sharti la waamuzi. Mwambie: "Tafuta picha ya ndege moja, au ya jahazi moja, au ya msikiti wa mtaa wetu, uunde mfano wake kama ulivyo, si kama upendavyo uwe." Utaona macho yake yakianza kuangalia mambo ambayo alikuwa akiyapita kila siku. Na amalizapo, muulize mbele ya ndugu zake: "Umefanya wewe mwenyewe?" Akisema, "Hapa nilisaidiwa na kaka," mpe sifa kwa neno hilo kuliko kwa kazi yenyewe.

Vijana wetu wengi wana simu mikononi, nao waona kila siku vitu vilivyokwisha tengenezwa na wengine. Kutazama si dhambi, lakini mkono usiotenda hudhoofika. Mwenyezi Mungu awajaalie mikono yenye ustadi, macho yenye kuona kweli, na ndimi zisizodai kazi zisizokuwa zao.