Rimu Nzuri, Ofseti Mbaya

Mwanachama mwenzetu mmoja, kaka wa mwaka wa pili, ana Toyota GT86 aliyoinunua kwa akiba ya kazi za mikahawani hapa Uingereza. Muhula huu alitaka kuivua viatu vya kiwandani na kuivalisha vingine, akatuletea picha za seti mbili za rimu zilizokwisha kutumika. Zote ni za inchi 17, upana inchi 8, matundu matano kwenye duara la milimita 100, kama gari lake linavyotaka. Za kwanza ni za rangi ya shaba, zinang'aa, pauni 300. Za pili ni za kijivu, zina mikwaruzo, pauni 420.

Kwa macho, za shaba zinashinda. Tukamwomba aulize namba iliyopigwa chapa nyuma ya rimu kabla hajatuma pesa.

Namba hiyo hutanguliwa na herufi ET, kutokana na neno la Kijerumani Einpresstiefe. Sisi tunasema ofseti. Walimu wetu wakiwa na neno bora zaidi, tutalipokea kwa mikono miwili. Fikiria mstari unaogawa upana wa rimu katikati. Kutoka mstari huo hadi pale rimu inapokaa kwenye habu ni milimita ngapi? Hiyo ndiyo ofseti. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani. Ikipungua, hutoka nje.

Jibu likaja: za shaba ET20, za kijivu ET40. Rimu zake za kiwandani zina upana wa inchi 7, ET48. Tukakaa na kalamu. Inchi moja ya upana ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande unaongezeka 12.7. Kwa za shaba ofseti imepungua 28, basi ukingo wa nje unasogea nje milimita 40.7. Hizo ni sentimita nne! Tairi litachungulia nje ya madigadi na kuisugua kila gari likibonyea. Kwa za kijivu, ukingo wa nje unatoka 20.7, na wa ndani unasogelea shokapu kwa 4.7 tu. Hapo panaishika.

Kusugua si tatizo pekee. Gurudumu likitoka mno, usukani huanza kuvutwa na kila mfereji wa barabara, na beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Gari la spoti hununuliwa kwa ajili ya usukani wake. Kuuharibu kwa ajili ya picha, kwa maoni yetu, ni hasara tupu.

Muuzaji wa za shaba alisema kwamba spesa zitamaliza tatizo. Sivyo. Spesa hukaa kati ya habu na rimu, kwa hiyo husukuma gurudumu nje tu. Ofseti iliyozidi unaweza kuipunguza kwa spesa. Iliyopungua haina spesa ya kuirudisha.

Kama chapa imefutika, laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya kingo zake, upime kutoka kwenye rula hadi pale inapokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote wa nje; kinachobaki ni ofseti. Kumbuka kwamba rimu ya inchi 8 ina upana wa nje wa karibu inchi 9, kwa sababu inchi 8 hupimwa pale tairi linapokalia.

Kaka amechukua za kijivu. Tundu la katikati ni kubwa kuliko habu yake ya milimita 56.1, kwa hiyo amenunua na pete za kujazia. Tulizifunga Jumamosi, tukakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha watu wawili wakajibana kiti cha nyuma, tukapita juu ya matuta. Kimya. Kilichobaki ni kuikagua mikazo ya nati baada ya siku chache na kuipigia simu kampuni ya bima, kwa sababu hapa rimu zisizo za kiwandani huhesabiwa kuwa mabadiliko ya gari, na asiyeyataja anaweza kunyimwa fidia.