Mfumaji na Mbwa wa Kuokota



Kufuma sweta ni kazi ya nyumbani. Mama anatoka shambani, anakamua ng'ombe, halafu jioni anachukua sindano zake na kukaa mlangoni, na mara nyingi miguuni pake amelala mbwa. Kutoka Kianjokoma hadi Timau tumeona hivyo tena na tena. Wengi wa mbwa hawa hawakununuliwa. Mbwa akizaa, watoto wa kiume hugawiwa majirani upesi, lakini wa kike hakuna anayewataka, basi wanatiwa kwenye gunia na kuachwa sokoni au kando ya barabara. Anayewaokota ni mtoto anayetoka shule, na anayebaki kuwalisha ni mama yake.

Tumeulizwa kama mfumaji anaweza kuishi na mbwa kama huyo bila kuharibu kazi yake wala kuhatarisha watoto. Tunasema ndiyo, ila kuna masharti, na moja kati yao ni la kufa na kupona.

Tuanze na sweta yenyewe. Huku kwetu chini ya Mlima Kenya baridi hukaza kuanzia Juni hadi Agosti, na sweta za shule hutafutwa sana Januari. Kwa hivyo kazi ya Januari ianze mapema, kwa sababu Oktoba hadi Desemba mvua inanyesha na kahawa inaiva, na mikono haitoshi. Kushindana na mitumba kwa bei hatuwezi, tusijidanganye. Tunaloweza ni kumpa mtoto sweta inayomtosha na isiyofumuka.

Kutosha ni hesabu. Fuma kwanza kipande kidogo kwa uzi ule ule na sindano zile zile, kisha hesabu ni mishono mingapi iliyo katika sentimita 10. Tuseme ni 20. Mtoto akiwa na kifua cha sentimita 64, ongeza 6 ili apumue, zinakuwa 70. Basi unahitaji mishono 140, yaani 70 mbele na 70 nyuma. Wengine husema hayo ni ya wenye shule nyingi, wao wanapima kwa macho. Wacha wapime, sisi tumeona sweta zao zikirudishwa.

Aliye na pesa kidogo hufumua sweta kuukuu ya mitumba. Fungua mishono ya pembeni, vuta uzi taratibu ukiuzungusha kwenye mgongo wa kiti, ufunge, uufue, kisha uutundike ukiwa na kitu kizito chini ili ujinyooshe. Kumbuka kwamba sufu ya kondoo ikifuliwa kwa maji ya moto hujikunja na kuganda, na uzi wa viwandani ukipigwa pasi ya moto huyeyuka. Anayedhani sufu ni kazi ya wazungu tu atazame Nanyuki, ambako kikundi cha wanawake kilianza kusokota na kufuma sufu mwaka 1977, au Njoro, ambako Kenana Knitters, walioanza mwaka 1998, hufuma hata wanyama wa kuchezea kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono.

Sasa mbwa. Mteja akikuta nywele za mbwa kwenye shingo ya sweta, harudi tena. Uzi na kazi ambayo haijaisha vikae ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa na kuning'inizwa juu. Hili ni kwa faida ya mbwa pia. Kibwa huona uzi kama mchezo, na akiumeza unaweza kunasa tumboni na kukata matumbo. Ukiona ncha imetokea mdomoni au nyuma, usivute kamwe. Tafuta daktari wa mifugo.

Mbwa wa kuokota huja na viroboto, minyoo na wakati mwingine upele, na baadhi ya magonjwa ya ngozi huambukiza watu. Muoshe, mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari, na umtengee mahali pake pa kulala, pakavu. Mkichinja mbuzi au kondoo Krismasi, msimtupie maini wala mapafu mabichi yenye malengelenge. Ndani yake mna mbegu za tegu wa mbwa, na kinyesi cha mbwa huyo kinaweza kurudisha ugonjwa huo kwa watoto. Na wa kike anaweza kufungwa uzazi na daktari. Asipofungwa, hubeba mimba kwa miezi miwili tu, na gunia lile litarudi sokoni.

Sharti la kufa na kupona ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wa kuokota hujui alikotoka wala aliyemuuma, kwa hivyo mchanje mara unapomleta nyumbani, na urudie jinsi daktari atakavyosema, kwa kawaida kila mwaka. Ukiona amebadilika tabia, anadondosha mate, taya limelegea au anauma ovyo, msimguse. Waiteni watu wa mifugo.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Msipake mafuta wala majani, msingoje kuona kama mbwa atakufa, na mkishaanzishiwa sindano msiache katikati. Kibwa mdogo pia anaweza kuambukiza, ati kwa sababu ni mdogo watu hawajali.

Kuchanja mbwa mmoja mmoja hakusaidii kijiji. Wataalamu wanasema wakichanjwa 70 kati ya kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea, na mpango wa Kenya uliotolewa mwaka 2014 uliweka nia ya kumaliza vifo hivi ifikapo 2030. Hapa ndipo kikundi cha sweta kina nguvu. Wanachama 20 wakiweka shilingi 10 kwa kila sweta, na kila mmoja akiuza sweta 5, mfuko una shilingi 1,000 za kuanzia. Mwenyekiti aende ofisi ya mifugo ya wadi aulize kama kuna chanjo ya bure mwaka huu. Kama haipo, daktari aitwe siku moja kwa mbwa wote, kwa maana nauli yake ikigawanywa inakuwa kidogo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, ni tarehe nzuri ya kuanzia.

Masalio ya uzi msiyatupe. Fumeni mikanda ya shingo yenye rangi moja, ya mbwa waliochanjwa, ili jirani amtambue kwa mbali. Iwe legevu, vidole viwili vipite, na ya kibwa ibadilishwe akikua. Cheti cha daktari bado kinahitajika, na katibu aandike daftarini jina la mwenye boma, rangi ya mbwa na tarehe ya sindano.