Upindo wa Gauni la Sikukuu

Kwetu Unguja, gauni la sikukuu la mtoto wa kike hushonwa kwa hesabu ya mbele. Fundi cherehani huacha upindo mpana, vidole vinne hata vitano, ili mtoto akirefuka upindo ufumuliwe na nguo ivaliwe tena mwakani. Shangazi yangu analo gauni la namna hiyo sandukuni, la manjano, na upindo wake haujafumuliwa tangu mwaka 1990.

Mwaka ule Idi ya Ramadhani iliangukia mwishoni mwa Aprili, masika yamepamba moto. Siku chache kabla yake, mwanawe wa miaka mitano alishikwa na homa. Usiku mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Wazee wakasema ni degedege, na wakati ule wengi waliamini kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku apitaye juu ya paa. Mtoto akafukizwa kwanza, hospitali ikafuata. Leo tunajua kwamba mara nyingi hali ile huwa ni malaria iliyopanda kichwani. Alfajiri alikuwa ameshatangulia. Matanga hayajaanuliwa, mwezi ukaandama.

Msiba wa mtoto una maneno yake. “Usilie, huyo malaika. Huyo ni akiba yako.” Wasemao hivyo hawabuni. Mafunzo ya dini ni kwamba mtoto asiyefika baleghe hana dhambi, na katika sala ya jeneza lake wazazi huombewa ili awe kitangulizi na akiba yao. Shangazi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, na mpaka leo ndiyo yanayomsimamisha. Lakini mama aliyeambiwa “usilie” asubuhi na jioni hufika mahali akaona afadhali asimtaje kabisa mwanawe, asije akaonekana hana subira. Na majirani nao, kwa huruma, hawamtaji. Hivyo jina hupotea midomoni mwa watu, na mtoto anakuwa kama amezikwa mara ya pili.

Wanaume wana pa kwenda. Wakishasali Idi, wengi hupitia makaburini, wakasoma Yasini, wakamwagia kaburi maji na kuchomeka kitawi kibichi. Wanawake, kwa desturi yetu, hawalifuati jeneza, na wengi hawaendi makaburini. Basi asubuhi ya Idi, pilau ikiwa jikoni na njia zote zimejaa watoto waliovaa vipya, huyu mama aende wapi?

Shangazi hakwenda popote. Alingoja mlangoni. Watoto wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu, kisha jioni fedha zile huishia kwenye pembea na peremende za Mnazi Mmoja. Kila mwaka alitenga fungu moja mbali, akampa msichana wa kwanza aliyemwona ana kimo cha mwanawe. “Hii sikukuu ya dada yenu,” humwambia, na kumtaja kwa jina. Ni sadaka ya maiti, jambo linalojulikana na kila mtu. Yeye aliongeza jina tu. Leo watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya msiba ule wanamjua dada yao huyo, na hubishana nani mwaka huu ana kimo chake.

Kisha hulitoa gauni, akalifukiza udi, akalikunja na asumini na kulirudisha sandukuni. Hafanyi hivyo kila Aprili. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma, na msiba wake umehama nayo. Ameulilia msiba wa masika katika joto la kaskazi, Idi ilipoangukia Desemba mwaka 2000, na tena katika upepo wa kipupwe, Julai 2015. Huichukua Idi miaka kama 33 kuzunguka misimu yote na kurudi ilikotoka.

Katika mzunguko huo Unguja nayo imebadilika. Tangu 2003 tulipoanza kutumia dawa mseto, na vyandarua vikasambazwa, malaria imeshuka hata wanaokutwa na vimelea hawafiki mmoja katika watu 100. Shangazi hushukuru kwa hilo kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Nimejifunza kwake jambo moja. Ukienda kumpa mkono wa Idi mzazi aliyefiwa na mtoto, usiliruke jina la mtoto yule. Mtaje. Hutamkumbusha msiba, maana hakuusahau. Utamwonyesha kwamba hayuko peke yake katika kukumbuka.

Mwaka 2023 Idi ilirejea Aprili, na masika nayo yakaja. Watoto walifika mlangoni wameloa miguu. Msichana aliyepewa lile fungu aliitazama noti, kisha akamtazama shangazi.

“Bibi, kwani dada sasa angekuwa na miaka mingapi?”

Miaka yote ile hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza. Shangazi hakuhesabu kwa vidole.

“Thelathini na minane,” akajibu. “Haya, ingieni mle visheti.”