Kasiksi: kwa nini bidoni mbili hazimaliziki sawa?

Mutobe ni moja, lakini densimetri inasimama kwa 1,010 katika bidoni moja, kwa 1,020 katika ingine. Kwa nini? Chachu ikikula sukari, kinywaji kinakuwa chepesi, namba inashuka. Bidoni iliyolala kwa baridi, ao iliyopata mtama wa kukaanga kidogo sana, chachu yake inachoka mapema, sukari inabaki.

Musiangalie povu tu. Mupime leo, kesho na kesho kutwa. Namba ikisimama juu, mupeleke bidoni fasi ya joto, mupime tena. Ikibaki ileile siku tatu pale kwa joto, kasiksi imeiva. Mbele ya hiyo musifunge chupa: chachu ikiamuka ndani, gazi inapasua chupa, na vipande vinaumiza watu.