Nakala ya Akiba Mbele ya Kompyuta Ngeni

Flopi ya inchi 3.5, ile iliyozoeleka miaka ya 1990, ina pande mbili. Kila upande una njia 80 za duara, kila njia ina sekta 18, na kila sekta hubeba baiti 512. Zidisha na utapata baiti 1,474,560, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo hukijaza na kukipita. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya sasa kwa draivu ya USB, yaweza kusomeka bila shida yoyote, na bado usipate ulichokuja kukitafuta. Badala ya barua na hesabu za miaka ile, unakuta mafaili mawili tu: BACKUP.001 na CONTROL.001. Diski ni nzima, baiti zote zipo, ila kompyuta haijui zimepangwaje. Hapo ndipo ninaposimama katika makala haya: nakala ya akiba ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine ni kazi iliyoachwa njiani, hata kama diski yake itadumu miaka mia.

Mafaili hayo mawili yana historia inayoeleweka. Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na mfumo wake endeshi, DOS 2.0 wa mwaka huo huo, ukaja na amri mbili, BACKUP ya kuhifadhi na RESTORE ya kurejesha. Flopi za wakati huo zilibeba kilobaiti 360, kwa hiyo diski iliyojaa ilihitaji flopi karibu 30, na faili kubwa ilibidi likatwe vipande. Toleo la 3.3 la mwaka 1987 likabadili utaratibu: yaliyomo kwenye mafaili yote yaliunganishwa mfululizo ndani ya BACKUP.001, huku majina yao, urefu wao na mahali kila moja linapoanzia vikiandikwa kwenye CONTROL.001. Mwaka 1993 DOS 6 ilileta programu nyingine yenye mpangilio wake. Windows XP nayo ilitumia mafaili ya .bkf, lakini Windows Vista iliyoifuata ilipoingia sokoni mwaka 2007 haikuwa na programu iliyoyatengeneza, na Microsoft ikalazimika kutoa programu ya pembeni ya kuyafungulia. Yote haya yalitokea katika ukoo mmoja wa kompyuta, ndani ya miaka isiyozidi 25.

Waokoaji wazoefu wa data hawaanzi na mafaili. Kwanza husogeza kile kijiti cha plastiki kwenye kona ya flopi hadi tundu libaki wazi, ili draivu isiweze kuandika chochote. Tahadhari hiyo ina sababu. Katika FAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye flopi hizi, faili linapofutwa, baiti ya kwanza ya jina lake hugeuzwa kuwa E5 na nafasi yake kutangazwa kuwa wazi, lakini maudhui hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kisha diski nzima hunakiliwa sekta kwa sekta, na kazi yote hufanywa juu ya nakala hiyo. Sasa ndipo baiti zinapochunguzwa, kutafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF, faili la ZIP huanza na herufi PK, za jina la mbunifu wake Phil Katz, na faili la .bkf huanza na neno TAPE, kwa kuwa mpangilio wake ulibuniwa kwa ajili ya kanda. Lakini data ikiwa imebanwa, alama za mafaili ya ndani hazionekani tena, na njia inayobaki ni kuipata programu ya zamani na kuiendesha ndani ya kiigizi cha kompyuta ya zamani kama DOSBox.

Wapo watakaosema adui halisi ni uchakavu. Ni kweli sumaku hufifia na ukungu hula flopi, na diski iliyokufa haina mjadala. Lakini tazama flopi za Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyechora kwa kompyuta ya Amiga mwaka 1985. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walifanikiwa kuzisoma, kisha wakakwama kwa sababu picha zilikuwa katika muundo ambao hakuna programu iliyoutambua. Ilibidi waufumbue wenyewe, na mwaka 2014 picha zikatangazwa. Sumaku ilikuwa imevumilia karibu miaka 30 na programu haikuvumilia.

Wengine watasema kubana na kuunganisha kulikuwa lazima. Kulikuwa lazima kweli, wakati flopi 30 zilikuwa mzigo wa kubebwa mkononi. Leo diski ya terabaiti moja hutoshea kwenye kiganja, hivyo folda zinaweza kunakiliwa zilivyo, na anayelazimika kufunga data kwa nywila aiweke programu ya kufungulia pamoja nayo. Baada ya hapo diski ipelekwe kwenye kompyuta ya aina nyingine, tuseme kutoka Windows kwenda Linux, na lichaguliwe faili moja kubwa la katikati, lifunguliwe na kusomwa hadi ukurasa wa mwisho. Kuliona jina lake hakutoshi, maana jina huandikwa kwenye orodha ya diski, na maudhui yako sehemu nyingine kabisa.